"Don" ya kofia

SWALI: Katika riwaya za Kiingereza nakuta mtu "ana-don" kofia. Linahusiana na "don", mhadhiri wa Oxford?

JIBU: Hapana, ndugu. Mhadhiri huyo ametoka kwenye dominus, bwana kwa Kilatini, akapitia Uhispania. Kitenzi chako ni Kiingereza kitupu: "do on", maneno mawili yaliyobanwa yakawa moja. Zamani "do" lilikuwa pia na maana ya kuweka; basi unaweka kofia juu ya kichwa. Kuivua ni "doff", yaani "do off". Lilikuwapo hata "dup", kufungua mlango, nalo limo katika Hamlet ya Shakespeare.

Baada ya karne ya 17 "don" lilibaki kwa watu wa kaskazini mwa Uingereza, mpaka Walter Scott na wenzake walipolifufua vitabuni. Bado linanukia kabati la bibi. Kumwambia mtoto "don your socks" asubuhi ya shule ni kichekesho. Sisi irabu moja yatutosha: vaa, vua.