Upepo wa ubavuni: kwa nini ndege ndogo huacha njia ikiwa imeshatua

Kusi inapokaza mwambaoni, picha ya ndege ndogo iliyolalia bawa moja kwenye majani huzua ubishi uleule: upepo ulimzidi rubani, au alizembea? Tumemwachia mwalimu wa urubani ajibu.

Mwalimu, upepo wa ubavuni ni upi hasa?

Ndege hupenda upepo wa usoni, maana hugusa ardhi kwa mwendo mdogo zaidi. Shida ni kwamba njia ya kutulia haigeuki kuufuata upepo. Uwanja wa Zanzibar una njia moja, 18/36. Namba hizo ni nyuzi za dira bila sifuri ya mwisho: unatua ukielekea 180, kusini, au 360, kaskazini. Sasa chukua upepo wa noti 20, kama kilomita 37 kwa saa, nawe unatua kuelekea kusini. Ukivuma kutoka nyuzi 150, unaokupiga ubavuni ni noti 10 tu. Ukisogea hadi 120, ubavuni zinakuwa noti 17. Nguvu ya upepo ni ileile, kazi ya rubani siyo. Wilson kule Nairobi wana nafuu kidogo, kwa kuwa zipo njia mbili za mielekeo tofauti, 07/25 na 14/32.

Noti 17 ni nyingi?

Kitabu cha Cessna 172 kinataja noti 15, cha Caravan 20. Hapo wengi husoma vibaya, marubani wakiwemo. Namba hiyo kwa kawaida si mpaka wa kisheria, wala si ahadi. Ni upepo ambao ndege ilitua nao salama kwenye majaribio, mikononi mwa rubani wa majaribio. Mwenye leseni mbichi mimi humwekea kiwango cha chini ya hapo, na kama upepo unapiga na kuacha, nashusha tena.

Mbona ndege huja imekaa upande, kama imepotea?

Haijapotea. Nahodha wa ngalawa anayevuka mkondo haelekezi omo kwenye gati. Huielekeza juu zaidi, mkondo wenyewe umshushe hadi gatini. Rubani hufanya vivyo hivyo, ila kabla ya kugusa lazima ainyooshe ndege. Hushusha kidogo bawa la upande wa upepo na kukanyaga pedali ya upande wa pili, na gurudumu la upande wa upepo hutangulia kugusa. Abiria hushtuka kuona gurudumu moja chini na jingine hewani. Mimi hushtuka zaidi ndege inapogusa imekaa upande, kwa sababu matairi hung'ang'ania lami wakati mwili mzima bado unateleza kando, na miguu ya ndege haikuundwa kubeba mzigo huo.

Kwa hiyo ajali hutokea pale pale inapogusa?

Mara nyingi ni sekunde chache baadaye, rubani akishavuta pumzi. Bapa la mkia lililosimama wima liko nyuma ya magurudumu makuu, na upepo ukilisukuma, pua hugeukia upepo unakotoka. Kadiri mwendo unavyopungua, usukani wa mkia hukosa hewa ya kutosha kuufanya ushike. Wakati huohuo bawa la upande wa upepo linataka kunyanyuka. Dawa ni kuendelea kugeuza usukani wa mkononi kuelekea upepo, na kuongeza kadiri ndege inavyopunguza kasi, ili eleroni, yaani vibapa vinavyocheza kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa, zilikandamize bawa hilo. Wengi hufanya kinyume: wakigusa tu, huurudisha usukani katikati. Ndege inakata kona, bawa la upande wa pili linakwangua ardhi, pangaboi linachimba udongo. Hata kama hakuna aliyeumia, injini itabidi ifunguliwe na kukaguliwa ndani, na gharama yake si ya kucheza nayo.

Ndege zenye gurudumu la mkiani, kama Piper Super Cub, ni kali zaidi. Uzito wao uko nyuma ya magurudumu makuu, hivyo kona ndogo hujikuza yenyewe.

Rubani angeweza kuiepuka ajali hiyo?

Ndiyo, kwa kupaa tena. Ukiona umekanyaga pedali hadi mwisho na pua bado haijanyooka, upepo umekushinda; sukuma mafuta, ondoka, jaribu tena au nenda uwanja mwingine. Kinachozuia ni aibu, au abiria anayetazama saa. Kuongeza kasi bila kipimo pia hakusaidii: ndege huelea juu ya njia, na kila sekunde ya kuelea upepo unaisukuma kando.

Nasi abiria?

Injini ikinguruma ghafla karibu na ardhi na ndege ikapaa, msimwulize rubani kulikoni, ana kazi. Mkanda wa bega uwe umefungwa, na usiufungue ndege ikishagusa. Hata inapotembea kwenda maegesho upepo bado unaweza kuinua bawa, ndiyo maana ikifika hufungwa kamba kwenye vyuma vya ardhini.