Sahibu Wanatangulia, Nami Nataka Kuishi

SWALI: Mwaka huu nimewazika sahibu zangu watatu wa barazani. Nina miaka 67, na ghafula nimeshikwa na hamu ya kuuza shamba nisafiri. Je, ni wazimu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si wazimu, ndugu yangu; ni msiba unaosema kwa ulimi mwingine. Mtu akiondokewa na waliomjua utotoni hupoteza, pamoja na wapenzi, mashahidi wa ujana wake, na nafsi, ikiona safu iliyo mbele yake imepungua, huharakia kuchuma kila tunda kabla ya magharibi. Shaaban Robert, mzaliwa wa pande zenu, alipofiwa na mkewe Amina aliitungia huzuni yake shairi. Na alipotimiza miaka 50 hakungoja wasaa, bali aliendelea kuandika habari za maisha yake, naye akafariki mwaka 1962, hajafika 54.

Safiri, basi. Lakini shamba liache mwaka mmoja, maana huzuni ni dalali mbaya. Lipa deni, andika wasia, kisha umwendee sahibu aliye hai ambaye hamjaonana naye tangu zamani, hata akiwa Pangani tu. Nenda Ijumaa hii, kabla hujaniandikia tena.