SOMO: TIYO ZA MAJI NA SAKAFU YA NYUMBA MPYA

Ndugu msomaji, unajenga nyumba? Watu wengi wanafikiri kwanza juu ya mabati na rangi ya ukuta. Juu ya tiyo na sakafu hawaulizi sana, kwa maana vitu hivi vinafichwa chini. Lakini kuhara, tifoide, kolera na minyoo hupita hapo hapo.

1. Tiyo ya maji safi

Chimba mfereji wenye kwenda chini sentimetre 50 hivi, ili jembe lisivunje tiyo. Usipitishe tiyo karibu na shimo la choo. Kati yake na tiyo ya maji machafu, acha metre 3 ukiweza. Kama ni lazima zipitane, ya maji safi iwe juu, ya maji machafu iwe chini.

Sababu ni nini? Maji yakipita kwa nguvu, tiyo yenye ufa inatoa maji inje. Lakini siku maji yanapokatika, nguvu inakwisha, na ufa ule ule unavuta maji ya udongo kuingia ndani. Kama udongo una uchafu wa choo, maji yakirudi yanauleta mpaka katika kikombe cha mtoto.

Basi, fundi asifukie tiyo mbio. Kwanza afungue maji na kuangalia kila kiungo. Kikitoa hata tone moja, arudilie kazi. Tena asiache kiungo chini ya sakafu: utakijuaje kama kimevuja? Mahali tiyo inapopenya sakafu, aipitishe ndani ya tiyo nyingine kubwa zaidi.

Hata hivi, maji yakirudi nyuma ya kukatika, yaache yatoke kwanza mpaka yawe safi kwa macho. Halafu chemsha yale ya kunywa, kwa maana macho hayaoni mikrobe.

2. Maji machafu

Tiyo yake iteremke sentimetre 2 kwa kila metre. Chini ya mahali pa kunawia weka sifo, ni ile tiyo yenye kupindika. Maji yanayobaki ndani yake yanazuia harufu na mende. Maji yaende katika shimo lenye mawe na kifuniko. Yakisimama nyuma ya jikoni, mbu watazaa humo.

3. Sakafu

Udongo wenye majimaji ni nyumba ya minyoo. Kuna aina moja inayopenya ngozi ya mguu na kunyonya damu tumboni. Mtoto anapungukiwa damu, anachoka, hasomi vizuri. Funza nao wanakaa katika vumbi la chini.

Fanya hivi:
- Inua sakafu ipite udongo wa inje, ili mvua isiingie.
- Panga mawe, weka changarawe, shindilia vizuri.
- Mwaga mchanga kidogo, tandika plastiki nzito isiyo na tundu. Hii inazuia majimaji kupanda.
- Weka beto ya sentimetre 8 mpaka 10. Imwagilie maji siku 7, isipasuke.

Katika inchi ya Mexico, tangu mwaka 2000, serikali ilisaidia maskini wengi kubadili sakafu ya udongo kwa sima. Waliopima watoto wa nyumba zile waliona kwamba minyoo na kuhara vilipunguka.

4. Kama feza haitoshi

Usingoje nyumba yote. Anza na chumba ambamo watoto wanalala na kucheza. Vyumba vingine, inua udongo, ushindilie, ufagie kila siku. Watoto wavae viatu, na wote watumie choo. Sakafu nzuri haiponyi nyumba isiyo na choo.

Maulizo

1. Kwa nini tiyo yenye ufa ni hatari zaidi wakati maji yamekatika?
2. Plastiki chini ya beto inafanya kazi gani?
3. Katika nyumba yako, utaanza na chumba gani?