Tela Liishie Mzumbe

Mgeni akija Morogoro na Land Cruiser inayovuta tela la kambi, lenye hema, jiko na tangi la maji, huulizia njia ya Mgeta mapema. Ana haki ya kupaota: ni upande wa milima ya Uluguru wenye baridi, njegere, karoti na mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko. Lakini tela lisipande. Livute hadi Mzumbe, lifungue hapo, kisha uende na gari tupu.

Kutoka Msamvu, mjini Morogoro, shika barabara ya Iringa, upite Bwawa la Mindu hadi Sangasanga, kilomita 20 na ushee, ukate kushoto kuelekea Chuo Kikuu Mzumbe. Kwenye lami usumbufu ni matuta ya vijijini. Gari linaweza kuwa limeshavuka tuta, tela bado. Ukikanyaga mafuta mapema, chuma cha kuungia kitakwangua lami na vyombo vitapinduka. Subiri gurudumu la mwisho lishuke.

Ndani ya tela, vizito vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vikilala nyuma, tela litaanza kuyumba na kuliyumbisha gari. Maji nayo ni mzigo: lita 100 ni kilo 100, na tangi la nusu ni baya zaidi kwa kuwa maji hukimbia huku na huku kila kona. Lijaze au limwage. Ukiingia kwenye vumbi, punguza upepo kwenye matairi ya gari na ya tela pia, na uwe na pampu ya kuurudisha utakapofika lami. Kila ukisimama, sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu la tela. Likiwa na joto kali kuliko mwenzake, beringi inaomba grisi au imekwisha.

Mzumbe tafuta nyumba ya wageni yenye uzio, patana na mwenyeji na mlinzi juu ya bei ya kuliacha tela, uweke jiwe mbele na nyuma ya kila tairi. Ukitaka kupiga kambi kijijini, nenda kwanza ofisi ya kijiji. Wazee waamkie kwa shikamoo kabla hujataja shida yako.

Baada ya Mlali, njiani kwenda Mgeta, ndipo utaelewa kwa nini nasisitiza. Kutoka tambarare ya Mzumbe hadi soko la Nyandira huko Mgeta unapanda karibu mita 1,000, njia ni nyembamba, ukingo upande mmoja na korongo upande wa pili. Fuso zinashuka na kabichi na viazi vya kwenda mjini. Mkikutana penye kona, mmoja lazima arudi kinyumenyume, na tela likirudishwa hovyo hujikunja kuelekea bondeni. Dereva wa Fuso iliyosheheni asilazimishwe kurudi nyuma mlimani kwa ajili ya matembezi ya mtu. Mzigo ule ndio ada ya shule ya watoto wa wakulima. Ulizia Mlali siku ya gulio, na siku hiyo usipande. Siku nyingine piga honi kila kona, na unaposhuka tumia gia ileile nzito uliyopandia. Breki zikianza kunuka, simama zipoe.

Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza hata kwa gari la magurudumu manne yanayovuta. Juni hadi Septemba ndio wakati wake. Anayekusudia kuingia msituni apate kibali kwanza kwa Wakala wa Huduma za Misitu mjini Morogoro, maana Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Asiye na gari apande treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, kisha basi dogo na bodaboda. Ataona mengi kuliko dereva.

Ukirudi Mzumbe kaza nati za tela kabla ya kuliunga. Kama unaendelea Mikumi, barabara kuu inakatiza hifadhi ya taifa kwa kilomita 50 hivi, na mwendo umewekewa kikomo. Nenda chini ya kikomo hicho jioni: gari lenye tela huchelewa kusimama, na swala hawangoji.