Dondoo muhimu: Mradi mmoja, wabia wa nchi tatu

Utafiti wa vyandarua uliofanyika Misungwi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, uliwaunganisha wataalamu wa Mwanza, Moshi, London na Ottawa. Ukiingia kwenye ubia wa namna hiyo, zingatia haya:

• Usiandike "kikao saa 9" basi. Mmoja ataingia asubuhi, mwingine alasiri. Taja mji: saa 9 alasiri Misungwi ni saa 2 asubuhi Ottawa, na majira yao ya baridi ni saa 1.

• Mwezi uandike kwa jina. 03/04 ni Aprili kwa wengine, Machi kwa wengine.

• Mliloamua kwa simu au WhatsApp, lirudie kwa barua pepe siku hiyohiyo: nani, nini, lini.

• Usiulize "Tumeelewana?" Mbele ya mgeni, wengi wataitikia tu. Sema: "Hebu nieleze utakavyoanza kesho."

• Ukimya usiuhesabu kuwa ridhaa. Huenda bando limekwisha, au umeme umekatika.

• Fomu ya ridhaa ijaribuni kwanza kwa Kisukuma, na wazee wa kijijini, kabla London haijaipitisha. Kuibadilisha baadaye ni kurudi tena kwenye kamati za maadili.

• Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wajue ratiba kabla gari halijafika.

• Fedha zikichelewa, sema wiki hiyohiyo. Usingoje ripoti ya robo mwaka.