Kampuni ya Bima Inaposhtakiwa kwa Kukataa Kulipa

Msomaji mmoja anayefanya kazi ya bima jijini Nairobi ameniuliza swali ambalo wagonjwa hawaniulizi: kampuni ikishtakiwa kwamba ilikataa kulipia matibabu kwa nia mbaya, itajiteteaje? Mimi si wakili. Lakini kesi hizi hurudi kwenye faili ya daktari, kwa hivyo nitajibu kwa upande huo.

Tuangalie kesi iliyoamuliwa California, Marekani, Desemba 1993. Mama mmoja mwenye saratani ya matiti iliyokuwa imeenea hadi kwenye uboho aliiomba kampuni ya Health Net imlipie tiba mpya. Tiba hiyo ni kupewa dawa za saratani kwa kipimo kikubwa mno, kisha kurudishiwa uboho ili mwili uanze tena kutengeneza damu. Kampuni ilikataa, ikisema tiba ingali katika majaribio na mkataba haulipii majaribio. Jamaa na marafiki walichanga pesa, akatibiwa, lakini akafariki Aprili 1993. Jopo la raia lililosikiliza kesi liliamua familia ilipwe takriban dola milioni 89, nyingi zikiwa za kuiadhibu kampuni. Baadaye pande zote mbili zilipatana.

Sasa ajabu ni hii. Utafiti uliotolewa mwaka 1999 na 2000 ulionyesha kuwa tiba ile haikuwaongezea maisha wagonjwa wa aina yake kuliko dawa za kawaida. Utafiti wa Afrika Kusini uliokuwa umeisifu uligunduliwa kuwa na udanganyifu. Kitabibu, basi, kampuni ilikuwa na hoja. Kilichoiponza ni jinsi ilivyokataa: jopo lilielezwa kwamba ilikuwa imewalipia wagonjwa wengine tiba hiyo hiyo, na kwamba marupurupu ya wakubwa yalitegemea kupunguza gharama.

Kwa hivyo wakili wa kampuni asijichoshe kuonyesha kwamba kampuni haikosei. Hata huko California, kukosea peke yake si nia mbaya. Kampuni iliyokuwa na sababu ya haki ya kubisha hudaiwa mafao yaliyomo mkatabani tu. Aonyeshe ni nani aliyesoma faili, tarehe gani, kama ni daktari anayeujua ugonjwa huo, kama alipata rekodi zote, na kama barua ya kukataa ilitaja kifungu cha mkataba. Karatasi zilizoandikwa baada ya mashtaka hazisaidii sana.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja hapa nchini iliniomba nisome faili ya mzee aliyepatwa na kiharusi. Ilikataa kulipa kwa kuwa eti alificha shinikizo la damu. Ushahidi wote ulikuwa mstari mmoja wa daktari aliyempokea usiku: "presha, miaka 3?" Alama ya kuuliza hakuna aliyeiona. Nilimpigia simu daktari yule, akasema alikisia tu, maana mgonjwa hakuweza kusema. Kliniki aliyozoea mzee ilikuwa na vipimo vya miaka hiyo, vyote vya kawaida.

Nilimwambia wakili wao hana utetezi, walipe. Alinuna, lakini walilipa. Nami tangu siku hiyo, nikiweka alama ya kuuliza kwenye faili ya mgonjwa, huandika kando yake kwa nini nimeiweka.