Fungu la Mjane

Sheria ya mila ya urithi, iliyotangazwa na Serikali mwaka 1963, yasema kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kwa kuwa naye aliwatunza. Kwa haraka twaweza kuliona neno hilo kuwa jema, maana shukrani kwa mama ni wajibu. Lakini watoto wakiwa wangali wachanga, nani atailipa shukrani hiyo?

Wajane wawili Wasukuma wa Shinyanga waliyaonja hayo. Waume zao walipofariki, shemeji walishika mali, nao wakafukuzwa nyumbani pamoja na watoto. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi, ila haikuzifuta. Mwaka 2010 rufani yao ikatupwa. Ndipo mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki, ikaitaka Tanzania iwalipe fidia na kurekebisha sheria.

Basi, tujifunze. Debe la mahindi tunalompelekea mjane ni tendo jema, wala tusiliache. Lakini kumnyang'anya shamba, kisha kumpa kibaba, si sadaka. Ni kumrudishia kidogo katika kilicho chake. Kumfukuza aliyeijenga kaya ni asante ya punda. Shukrani ya kwanza ni kumwacha nyumbani mwake, sadaka ifuate. Nanyi waume, andikeni wosia mngali hai.